Kinyesi cha Tembo Chawaumbua Wauza Pembe

Kontena la pembe za ndovu likikamatwa bandarini, hati zake huwa za kughushi na mwenye mzigo hajulikani. Aliyempiga tembo risasi ndiye kabisa. Hata hivyo, maabara ya Profesa Samuel Wasser katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, inaweza kueleza tembo huyo aliuawa sehemu gani ya Afrika. Kilichowezesha hayo, usishangae, ni kinyesi.

Kinyesi hutoka na seli za utumbo, na ndani ya seli hizo mna vinasaba vya mnyama. Kwa miaka mingi watafiti na askari wa wanyamapori walikusanya sampuli katika mbuga na misitu ya Afrika, ikapatikana ramani: tembo wa eneo moja hukaribiana vinasaba kuliko wale wa mbali. Pembe ikikamatwa, hukatwa kipande kidogo, kikagandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika na kusagwa. Baridi hiyo ni ya lazima, maana joto la kusaga lingeharibu vinasaba. Unga hupimwa, majibu yakalinganishwa na ramani, na asili ya pembe hujulikana kwa umbali wa kilomita 300 hivi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalituuma Watanzania. Pembe nyingi za tembo wa savana zilizokamatwa katika shehena kubwa baada ya 2006 zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Sensa nazo zilionyesha tembo wetu wameshuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014.

Lakini kilichonivutia zaidi ni ugunduzi wa 2018. Tembo ana pembe mbili, na watafiti walikuta pembe moja katika shehena hii, ya pili katika shehena nyingine, zote zimepitia bandari ileile ndani ya miezi kumi. Ni vigumu kusema wenye shehena hizo ni wafanyabiashara tofauti. Kwa ushahidi huo yalibainika magenge makubwa matatu, yaliyopitishia mizigo Mombasa, Entebbe na Lomé. Mwaka 2022 mbinu ilipanuliwa: sasa hata pembe za mama na mwanawe huunganisha shehena.

Kwa hiyo mamlaka zinazokamata pembe zisizirundike ghalani tu. Zitoe sampuli mapema, kwa kuwa mshtakiwa wa kontena moja huenda ndiye aliyesafirisha mengine kadhaa.