Aliyeshika Jembe Si Mgeni

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, aliyelishika jembe tangu siku ya kwanza aitwe nani? Swali hili limewashughulisha wanasheria wa Marekani kwa miaka mingi.

Hoteli yenye kasino ya New York-New York ilifunguliwa mjini Las Vegas mwaka 1997. Baadhi ya mikahawa iliyomo ndani yake ilipangishwa kwa kampuni ya Ark. Mwaka huo na uliofuata, wafanyakazi wa Ark wasiokuwa zamu waliwagawia wateja vikaratasi kwenye milango ya hoteli na ya mikahawa hiyo, wakitetea juhudi zao za kupata chama cha wafanyakazi. Wenye hoteli wakawaamuru waondoke. Hoja yao, kwa ufupi, ni kuwa hawa hawakuwa waajiriwa wao, hivyo hawakuwa na idhini ya kusimama pale.

Nikiwa mwanaisimu, hoja hiyo hunifanya nitege sikio. Tusemapo "ameajiriwa", tunadhani mwajiri ni mmoja. Mkataba wa kupangisha humgawa: huyu hulipa mshahara, yule humiliki sakafu. Mhudumu yule yule, chini ya paa lile lile, huwa mfanyakazi abebapo sahani na mgeni afumbuapo kinywa. Haki ya kujiunga na wenzake, iliyomo katika sheria ya kazi ya mwaka 1935, hubaki kitabuni.

Mwaka 2011, Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba wafanyakazi wa mpangaji ambao kituo chao cha kazi ni pale pale tu wasizuiwe, ila mwenye mali athibitishe kuwa wanavuruga mno matumizi ya mali yake, au atoe sababu nyingine halali ya kibiashara. Mahakama ya rufani iliunga mkono mwaka 2012. Mwaka 2019 Bodi iliutangua msimamo huo. Mwaka 2022 ikaurejesha.

Sikatai kwamba mwenye nyumba ana haki ya kuulinda mlango wake. Lakini walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi wetu kuuliza ni nani aliyelichagua neno, na kwa faida ya nani. Si haki mtu aitwe mwenyeji wakati wa kulima, kisha aitwe mgeni anapoulizia mavuno.