Kalsiamu ikishuka, mgonjwa wa mapafu yu hatarini

Mtoto wako anapolazwa kwa nimonia, macho yako yote huwa kifuani mwake. Usishangae basi daktari akiagiza pia damu ipimwe kiwango cha kalsiamu.

Wengi wetu tunaijua kalsiamu kuwa madini ya mifupa na meno. Ni kweli, kwani asilimia 99 hivi imo humo. Lakini ile kidogo iliyomo katika damu ndiyo huwezesha moyo kupiga na misuli, pamoja na ile ya kupumua, kufanya kazi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango chake huwa takriban milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita. Tezi nne ndogo za shingoni hukilinda.

Maambukizi makali yanaweza kuuvuruga ulinzi huo. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka wa 2020, madaktari nchini Italia na kwingineko waliona kwamba wagonjwa wengi waliolazwa walikuwa na kalsiamu ya chini, hasa wale waliozidiwa.

Kwa watoto, hatari yaweza kuanza mapema. Utafiti wa Addis Ababa, Ethiopia, uliochapishwa mwaka wa 1997, ulionyesha kuwa watoto 42 kati ya kila 100 wenye nimonia walikuwa na matege. Miongoni mwa wasio na nimonia, walikuwa wanne tu. Matege husababishwa na uhaba wa vitamini D au kalsiamu, na hulegeza mbavu na misuli ya kifua. Mzazi unayeishi ghorofani, je, mwanao huota jua?

Hata hivyo, usikimbilie kununua vidonge. Kalsiamu ya chini ni ishara ya hatari, na ni daktari atakayeamua tiba. Mwambie upesi mgonjwa akihisi ganzi midomoni au vidoleni, misuli ikimkaza, au akipatwa na degedege.

Nyumbani huwezi kupima kalsiamu, lakini waweza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kliniki. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje kupambazuke.