Kijana Amepanda Ndege, Saa ya Mwili Imebaki Kwenye Gemu

Kiswahili huhesabu siku kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, saa kumi na mbili jioni ni kuaga kwake, na mkulima wa Lukuledi anayewahi mikorosho kabla jua halijawa kali hahitaji simu kumwamsha. Huku kwetu, kuanzia Masasi mpaka Newala juu ya ukingo wa uwanda wa Makonde, siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote hupishana kwa saa moja na robo tu. Mwili uliokulia hapa huamka na kulala karibu kwa saa zilezile mwaka mzima.

Kijana aliyeishi kwa kucheza gemu za kulipwa ameiacha hesabu hiyo, na ana sababu zake. Bando la usiku ni nafuu. Mtandao hauna msongamano watu wakilala. Wapinzani wa Ulaya na Marekani huingia mchezoni baada ya kazi zao, na kwao jioni, kwetu ni usiku wa manane. Basi kwa miaka mitatu minne anacheza mpaka adhana ya alfajiri, na mama akitoka kufagia uwanja ndipo yeye anavuta shuka.

Siku moja barua ya chuo cha nje inafika. Ukoo unachanga, mjomba anauza korosho, nauli inapatikana. Miezi miwili baadaye zinakuja habari kwamba kijana anasinzia darasani, hali chakula vizuri, hapokei simu, na matokeo ya muhula ni mabaya. Nyumbani wanasema ameharibika. Mimi naona tumeharakisha kumhukumu. Sehemu kubwa ya shida hiyo ina maelezo ya kisayansi, na sehemu kubwa ingeweza kushughulikiwa hapahapa kijijini kabla hajapanda basi la Dar es Salaam.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu cha seli zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa kuu ya mwili. Ndiyo inayoamua lini joto la mwili lipande, lini njaa iume, na lini homoni ya melatonini imwagwe ili usingizi uje. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha, kupitia nzi wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya namna hii ndani ya seli. Kwa binadamu saa hiyo huchelewa kidogo: vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999 vilikuta mzunguko wake wa asili ni wastani wa saa 24 na dakika 11. Inahitaji kurekebishwa kila siku, na fundi wake ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho ziko seli ambazo kazi yake hasa ni kupima mwanga, hasa wa rangi ya samawati, na kupeleka taarifa kwenye saa kuu.

Mwanga hupimwa kwa luksi. Taa ya kawaida ya chumbani hutoa luksi mia moja mpaka mia chache. Jua la mchana uwanjani hufika 100,000. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje huuzidi wa ndani kwa mara nyingi. Anayekesha mbele ya kioo king'avu na kulala mchana kwenye chumba chenye pazia anauambia ubongo wake kwamba usiku ni mchana na mchana ni usiku, na ubongo unamwamini.

Sasa tupige hesabu. Tumchukue kijana wa mfano, wa kubuni, wa Lukuledi. Hulala saa kumi na moja alfajiri na kuamka saa saba mchana. Akipata chuo New York, mambo yake si mabaya hata kidogo: kwetu ikiwa saa kumi na moja alfajiri, kule ni saa tatu au saa nne usiku kutegemea majira. Mwili wake ulishahamia Marekani zamani, ulikuwa unasubiri pasipoti tu. Akipata chuo Istanbul, hakuna tofauti yoyote ya saa, kwa kuwa Uturuki na Tanzania zinatumia saa moja. Hakuna uchovu wa safari wa kusingizia, lakini kipindi cha saa tatu asubuhi kitamkuta kwenye usiku wake wa manane. Akipata Beijing, iliyo mbele yetu kwa saa tano, usingizi utamjia saa nne asubuhi, mhadhiri akiwa ubaoni. Hapo hakuna kahawa itakayomsaidia. Baada ya takribani saa tano nusu ya kafeini ya kikombe huwa bado imo mwilini, kwa hiyo anayeinywa alasiri ili asisinzie anauharibu pia usiku unaofuata.

Na hapa kuna kosa ambalo watu wenye nia njema hulifanya. Wanamwambia kijana: kesho amka saa kumi na mbili, toka nje uote jua, utazoea. Ushauri huo unaweza kumrudisha nyuma. Joto la mwili hushuka chini kabisa saa mbili au tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga mkali ukikupata baada ya hapo, saa ya mwili husogea mbele, nawe utalala mapema zaidi. Ukikupata kabla ya hapo, saa hurudi nyuma na utachelewa zaidi kulala. Kijana wetu wa mfano, anayeamka saa saba mchana, hufika sehemu hiyo ya ubaridi saa nne au saa tano asubuhi. Jua la saa kumi na mbili, kwa mwili wake, bado ni mwanga wa usiku.

Kwa asiyekwenda Marekani, njia inayofaa ni ya polepole. Siku ya kwanza aamke saa sita na nusu mchana, atoke nje papo hapo, akae kwenye mwanga nusu saa au zaidi, atembee. Kesho yake saa sita. Keshokutwa saa tano na nusu. Jioni apunguze mwanga, na kioo king'avu akiweke mbali saa moja au mbili kabla ya kulala. Kutoka saa saba mchana mpaka saa moja asubuhi ni saa sita, yaani siku kumi na mbili kwa mwendo wa nusu saa kwa siku. Mpe wiki tatu, maana kutakuwa na siku za kuteleza. Kazi hii ifanyike Lukuledi, kwa jua ambalo halilipiwi, na siyo kwenye bweni la ugenini mwezi wa Desemba.

Desemba huko si kama huku. Helsinki mchana wake hushuka mpaka chini ya saa sita, na London chini ya saa nane. Mwanafunzi anaweza kuingia darasani gizani na kutoka gizani. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza aina ya sonona inayokuja na majira ya giza na kuondoka na majira ya mwanga; tiba mojawapo inayotumika ni kukaa asubuhi mbele ya taa maalumu ya luksi 10,000 kwa kama nusu saa. Ngozi nyeusi nayo hutengeneza vitamini D polepole zaidi, na jua la kipupwe la kaskazini ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Uingereza hushauri watu wanywe mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuinywa mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ndogo, vinauzwa dukani bila cheti cha daktari.

Saa ya mwili ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye kile ambacho gemu ilikuwa ikimpa.

Mwaka 1998 watafiti wa London walichapisha picha za ubongo za wanaume wanane wakicheza gemu, zikionyesha kemikali ya dopamini ikimwagika zaidi kadiri mchezaji alivyofanya vizuri. Watu wengi huiita dopamini kemikali ya raha, lakini kazi yake hasa ni kufundisha: humwagika zaidi pale zawadi inapozidi matarajio. Gemu imetengenezwa kwa kanuni hiyo. Ukibonyeza, unajua palepale kama umepatia. Chuo kinafanya kinyume chake. Unaandika insha Oktoba, unarudishiwa Desemba, na alama yenyewe haina shangwe. Kwa aliyezoea jibu la papo kwa papo, miezi ya kwanza ya masomo huonekana kama uwanja mtupu. Huo si uvivu, ni ubongo ambao umefunzwa kusubiri kwa muda mfupi. Dawa yake ni kuukata muda mrefu vipandevipande: ukurasa mmoja, swali moja, kujisahihisha palepale, kisha kupumzika. Mchezaji wa kweli analijua hilo. Hakufikia kiwango chake kwa kucheza ovyo. Alirudia pigo moja mara mia mbili. Na kuna alichopata pia: utafiti wa Shawn Green na Daphne Bavelier wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wachezaji wa gemu za mapambano huona na kufuatilia vitu vingi kwa mara moja kuliko wasiocheza.

Gumu kuliko yote ni jina. Kwenye gemu alikuwa na jina, na watu wasiomjua uso walimwogopa. Chuoni ni namba ya usajili na lafudhi ya mgeni. Watu wa huku kwetu, Wamakonde, Wayao na Wamakua, wanajua jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya saikolojia. Jando na unyago vipo kwa sababu mtu havuki kutoka hali moja kwenda nyingine kimyakimya. Hutengwa, hufundishwa na wakubwa, hurudi akipokewa kwa ngoma na wakati mwingine kwa jina jipya. Mchezaji anayeacha gemu hapati lolote kati ya hayo. Anafuta programu kwenye simu, basi. Ningependa kuona ukoo unakaa naye jioni moja, mjomba anasema mbele ya watu kwamba ile ilikuwa kazi, aliifanya kwa heshima, imekwisha, na sasa anaanza nyingine. Jambo hili halina gharama.

Tena haikulazimika kuchagua kati ya gemu na masomo. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow kwenye gemu ya Tekken, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 akiwa mwanafunzi wa sheria. Chuo Kikuu cha Robert Morris cha Illinois, Marekani, kilianza mwaka 2014 kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa gemu kama wanavyopewa wachezaji wa mpira. Wala safari yenyewe haikulazimika kuwa ya ghafla. Rais wa zamani Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, alipofika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikuwa ameshasoma Ndanda, Kigonsera, Pugu na Makerere. Alisogea mbali na nyumbani kidogo kidogo. Kijana wa leo anaruka kutoka chumba kimoja chenye pazia mpaka bara jingine kwa siku mbili.

Mwili nao ukaguliwe kabla ya safari. Mchina Jian Zihao, aliyejulikana kama Uzi, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa League of Legends, alitangaza kustaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23, akataja kisukari cha aina ya pili, kukesha, kula ovyo na maumivu ya mkono. Miaka 23! Mkorea Lee Young-ho, yaani Flash, alifanyiwa upasuaji wa mkono mwaka 2011 akiwa hajafika miaka ishirini. Hospitali ya Ndanda ni jirani: apime sukari, presha na macho, na kama vidole vinakufa ganzi usiku amwambie daktari, kwa sababu mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono hutibika kirahisi ukiwahiwa.

Wapo pia ambao wana ugonjwa hasa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya kila kitu, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Wachezaji wengi hawamo humo, hata wa kulipwa. Lakini huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, kujifungia, au maneno ya kutotaka kuishi havisubiri miezi 12. Vyuo vingi vya nje vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi, mara nyingi bila malipo, na mazungumzo huwa ya siri. Kijana ajue iko jengo gani tangu wiki ya kwanza, akiwa bado mzima.

Mjomba, wewe unayeshika fedha ya korosho: kabla hujalipa nauli, mwulize mpwa wako anaamka saa ngapi. Akisema saa saba mchana, usimfokee. Kama haendi Marekani, hesabu wiki tatu kurudi nyuma kutoka tarehe ya ndege, na siku hiyo mgongee mlango saa sita na nusu, mtoke pamoja mkatembee juani.