Nani Anaikarabati Barabara Kuu ya Mashariki?

Mwaka 1601 wa Enzi ya Tatu, ndugu wawili, Marcho na Blanco, walimwomba mfalme wa Kaskazini ruhusa ya kuhamia ng'ambo ya mto Brandywine na watu wao. Nchi ile ilikuwa na rutuba, lakini mashamba yake yalikuwa yamebaki mahame kwa muda mrefu. Mfalme Argeleb wa Pili akaridhia. Hakudai dhahabu wala gunia la nafaka. Alichotaka ni kwamba walitunze Daraja Kuu la mto huo, pamoja na madaraja na barabara nyingine zote, wawarahisishie safari wajumbe wake, na wamtambue kuwa ndiye mtawala. Hivyo ndivyo mahobiti, watu wafupi wasiovaa viatu, walivyoipata nchi yao ya Shire: kwa mkataba wa matengenezo ya barabara.

Mambo haya hayakutokea popote ila kwenye kurasa za J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa profesa wa lugha huko Oxford. Masharti ya Argeleb yamo katika utangulizi wa The Lord of the Rings, sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka ili wawahi vita na pete. Ni hasara yao. Ulimwengu wa Middle-earth una mazimwi na miti inayotembea, lakini kinachomfanya msomaji auamini ni mambo kama hayo ya daraja na nani anapaswa kulitengeneza. Na hakuna panapoonyesha hilo vizuri zaidi kuliko Barabara Kuu ya Mashariki.

Upande wa magharibi barabara hii inaishia Grey Havens, bandari ambako Waelfi, watu wa kale wasiozeeka, hupanda merikebu wasirudi tena. Kutoka hapo inapita karibu na vilima vyenye minara mitatu myeupe. Mahobiti wa upande huo walisadiki kwamba ukipanda mnara mrefu kuliko yote utaiona bahari, lakini hakuna hobiti aliyejulikana kuwahi kuupanda. Kisha barabara inaingia Shire na kuikata katikati. Kutoka mpaka wa magharibi wa nchi hiyo hadi darajani ni ligi 40, yaani kilomita 190 hivi, na katika siku za amani njia nzima ina baa, mashamba na watu wa kusalimiana nao.

Ukishavuka daraja mambo yanabadilika. Mji unaofuata ni Bree, wenye nyumba za mawe zipatazo mia moja, uliojikinga kwa handaki na ua mnene wa miti. Barabara inaingia kwa lango la magharibi, inauzunguka mguu wa kilima na kutokea lango la kusini. Usiku malango hufungwa, na mlinzi humhoji mgeni anatoka wapi na anafuata nini. Hapo Bree barabara inakutana na nyingine itokayo kaskazini kwenda kusini, ambayo zamani ilikuwa njia kuu ya wafalme. Siku hizi wenyeji wanaiita Greenway, Njia ya Kijani, kwa sababu imeota majani. Mji wa kifalme iliokuwa ikielekea huko kaskazini ulishaanguka, na hakuna tena msafara wa kuyakanyaga majani hayo.

Mwendo wa siku moja mashariki ya Bree kuna nyumba ya wageni iliyoachwa, inayotajwa kwa kupita tu. Baada ya hapo hakuna makazi. Kuna mabwawa yenye mbu, kuna kilima cha Weathertop chenye magofu ya mnara juu yake, kuna Daraja la Mwisho kwenye mto Hoarwell, kuna misitu ya majitu, na hatimaye kivuko cha mto Bruinen, mlango wa bonde la Rivendell. Aragorn, aliyezunguka nyika hizo miaka mingi, anapoulizwa kilimani Weathertop ni umbali gani uliobaki, anajibu kwamba hajui kama kuna mtu aliyewahi kuipima barabara hiyo kwa maili kupita ile nyumba ya wageni. Anachojua ni siku: kwa miguu yake, hali ya hewa ikiwa njema, ni siku 12 hadi kivukoni. Mahali palipokosa serikali, hata vipimo vimepotea, na umbali umerudi kuhesabiwa kwa miguu ya mtu.

Zamani haikuwa hivyo. Katika mwaka 861 wa Enzi ya Tatu, ufalme wa Kaskazini uligawanywa kati ya wana watatu wa mfalme, na barabara hii ikafanywa mpaka: Arthedain kaskazini yake, Cardolan kusini, na Rhudaur upande wa milima. Weathertop pakawa pa kugombaniwa, kwa sababu katika mnara wake palikuwa na jiwe la ajabu la kuonea mambo ya mbali, na kila mmoja alilitaka. Mwaka 1409 majeshi ya ufalme adui wa Angmar yakauchoma mnara huo. Mwaka 1974 Arthedain nayo ikaanguka. Tangu hapo barabara haikuwa na mwenyewe.

Hata hivyo haikufa, maana wenye shida nayo walibaki. Vibete wachimba madini waliendelea kupita Shire wakienda kwenye migodi yao ya magharibi, na ndio waliowaletea mahobiti habari nyingi za ulimwengu wa nje. Ng'ambo ya milima, ukoo wa Beorn uliweka wazi njia ya mlimani na kivuko cha mto Anduin, na kibete Glóin anausifu kwa ushujaa kisha anaongeza kwamba ushuru wao ni mkubwa. Sentensi hiyo moja inaeleza uchumi wa eneo lile kuliko ramani yoyote: serikali ikiondoka, anayeweza kukilinda kivuko ndiye anayeweka kizuizi cha kutoza.

Mbele zaidi, kwenye msitu wa Mirkwood, ile njia ya kale iliyojengwa na vibete haikupata mlinzi wa namna hiyo. Katika The Hobbit, kitabu cha awali cha Tolkien, hobiti Bilbo na wenzake wanaonywa wasiifuate, kwa kuwa upande wa mashariki imemezwa na mabwawa na maorki, viumbe waovu, wameizoea.

Hobiti Frodo, shujaa wa The Lord of the Rings, anaposafiri mwaka 3018, hali ya barabara ndiyo inayoendesha hadithi. Wapanda farasi weusi wanaomwinda wanaimiliki, hivyo yeye na wenzake wanakaa porini na kuigusa pale tu ambapo hakuna budi. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Daraja la Mwisho, tarehe 13 Oktoba, kwa kuwa hakuna pengine pa kuvukia. Aragorn, anayewaongoza, anatangulia kupeleleza, na anarudi na kijiwe cha kijani kibichi alichokiokota kwenye matope katikati ya daraja. Anakielewa kuwa ishara kwamba wanaweza kupita. Baadaye wanafahamu kuwa kiliachwa na Glorfindel, Mwelfi aliyewafukuza wapanda farasi watatu mahali hapohapo siku chache kabla.

Mawazo haya Tolkien aliyapata wapi? Sehemu ya milima inajulikana: yeye mwenyewe alieleza kwamba safari ya Bilbo kuvuka Misty Mountains ilitokana na matembezi yake Uswisi mwaka 1911, alipokuwa kijana wa miaka 19. Kuhusu barabara yenyewe, inatosha kuitazama Uingereza. Warumi walijenga huko barabara za mawe zilizonyooka, kisha utawala wao ukakoma mwanzoni mwa karne ya 5. Waanglo-Saksoni waliokuja baadaye walizikuta, wakazitumia, na hawakuwa na ufundi wa kuzijenga upya. Mojawapo, Watling Street, imetajwa katika mkataba wa karne ya 9 kati ya mfalme Alfred na Guthrum, kiongozi wa Wadenmaki, katika kueleza mpaka baina yao. Profesa wa Kianglo-Saksoni hangeweza kutoujua mkataba huo. Barabara ya watawala waliotoweka, iliyogeuka mpaka wa watu waliobaki: Arthedain na Cardolan hazikutoka mbali.

Hata mahali pa Shire kwenye dunia halisi alipakadiria. Mwaka 2015 ilipatikana nakala ya ramani aliyoiandikia maelezo kwa mkono wake kwa ajili ya mchoraji Pauline Baynes, na humo anasema Hobbiton, kijiji cha Shire, iko karibu na latitudo ya Oxford. Mwaka uliofuata maktaba ya Bodleian ikainunua.

Ukali huo wa vipimo ulimrudia mwenyewe. The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937, aliwaandikia watoto kabla hajajua Bree wala Weathertop. Kitabu hicho hakivitaji. Humo Bilbo na vibete wanafika mtoni jioni, na usiku uleule wanaangukia mikononi mwa majitu matatu. Katika kitabu cha pili, The Lord of the Rings, kundi la Frodo linavuka mto tarehe 13 na kuyakuta majitu hayohayo, yakiwa yamegeuka mawe, tarehe 18. Kweli Aragorn aliwazungusha vilimani, lakini hata ukiondoa siku za kuzunguka, usiku mmoja wa Bilbo haulingani na siku tano za Frodo.

Mwaka 1960, akiwa na miaka 68, Tolkien alikaa kuirekebisha hitilafu hiyo. Alianza kuiandika upya The Hobbit, akapanga safari siku kwa siku ili ilingane na barabara ya kitabu cha pili. Hakuvuka sura chache za mwanzo akaacha. Vipande hivyo vilichapishwa na John Rateliff mwaka 2007. Katika toleo la 1966 alitosheka na marekebisho madogo, likiwemo la kuweka daraja la kale la mawe mahali wasafiri wanapovuka mto. Daraja likapatikana, umbali ukabaki vilevile. Karen Wynn Fonstad, mchora ramani wa Marekani, alipotengeneza atlasi ya Middle-earth mwaka 1981 na kukadiria mwendo wa kila siku wa wasafiri hao, alilikuta tatizo hilo likimsubiri, mashariki tu ya Daraja la Mwisho.