Askari wa Mwili katika Baka la Ukoma

Tuseme kwamba mkulima mmoja wa Buganguzi, katika Wilaya ya Muleba, anaepua chungu cha ndizi, naye hasikii moto mpaka aone ngozi ya mkono imebabuka. Juu ya mkono huo pana baka lililopauka. Haliwashi wala haliumi, na kwa kuwa haliumi amelidharau mwaka mzima. Wengi hudhani kuwa kijidudu cha ukoma kimezila hisia za ngozi ile kama mchwa alavyo nguzo. Sivyo hasa. Leo twataka kueleza yatendekayo ndani ya baka, maana asiyeyajua aweza kuiacha dawa siku ile ile inapoanza kumfaa.

Kijidudu hicho kilionekana kwanza na tabibu Gerhard Armauer Hansen katika mji wa Bergen, nchi ya Norwei, mwaka 1873. Ni kivivu mno: hugawanyika mara moja kwa kadiri ya majuma 2. Hupenda sehemu za mwili zilizo na ubaridi, yaani ngozi, pua, masikio, na mishipa ya fahamu ipitayo karibu na ngozi. Chenyewe hakina sumu kali, na ndiyo sababu mtu aweza kukaa nacho miaka 5, pengine 20, asijue.

Tukikitazama kipande kidogo cha baka kwa darubini, twaziona chembe za ulinzi za mwili. Za kwanza huitwa makrofaji, nazo ni walaji. Kazi yao ni kumeza. Za pili ni limfosaiti T, nazo ni kama wanyapara. Zikimtambua adui hutoa kemikali ziwaamshazo walaji, mojawapo ikiitwa interferoni gama. Mlaji asiyeamshwa humeza kijidudu asikiue, bali hukipa nyumba ya kukaa.

Basi kwa mtu ambaye limfosaiti zake zimemtambua adui, walaji hukusanyika fundo, limfosaiti za namna ya CD4 zikiwa kati yao, na zile za CD8 zikizunguka kama boma. Vijidudu havionekani, au ni vichache sana, na mabaka hayazidi 5. Lakini vita hivyo hupiganwa hata ndani ya mshipa wa fahamu, na mshipa ukivimba hubanwa na kuharibika. Ganzi ya mkulima wetu yatoka hapo: ni askari wake mwenyewe waliovunja nyumba wakimtafuta mwizi.

Kwa mtu mwingine limfosaiti hizo ni chache, tena zimenyamaza mbele ya kijidudu hiki tu, ingawa hupigana na maradhi mengine kama kawaida. Walaji hujaa vijidudu na mafuta hata wakafanana na povu. Mabaka huenea, masikio hunenepa. Mwaka 1966 Ridley na Jopling waliupanga ukoma wote kati ya ncha hizi mbili, na wagonjwa wengi wamo katikati.

Hao wa katikati ndio wa kuangaliwa sana. Katika miezi ya kwanza ya dawa, limfosaiti zao huweza kuamka kwa ghafula. Baka la zamani huwa jekundu na kuvimba, mshipa wa kiwiko huuma, vidole hulegea kwa siku chache. Mgonjwa husema, "Dawa imenidhuru," akaitupa. Kumbe sivyo. Dawa haina budi kuendelea, na pamoja nayo tabibu humpa prednisoloni ya kuwatuliza askari. Ganzi isiyozidi miezi 6 yaweza kuondoka. Ya siku nyingi ni vigumu.

Liko jambo la Kagera lililowashangaza matabibu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kirusi cha ukimwi huua limfosaiti CD4, ikahofiwa kuwa ukoma utafurika. Kifua kikuu, nduguye ukoma, kilizidi kweli kweli. Ukoma haukufanya hivyo.

Askari hawa hufundishika pia. Huko Teso, nchi ya Uganda, watoto wa jamaa za wagonjwa walianza kuchanjwa BCG mwaka 1960, na matokeo ya kwanza yalionyesha ukoma kupungua kwa kadiri ya asilimia 80 miongoni mwa waliochanjwa. Ni chanjo ile ile ya kifua kikuu wapewayo watoto wachanga wa Tanzania.

Na mkulima wetu? Mhudumu wa zahanati atamwambia afumbe macho, kisha ataligusa baka kwa ncha ya pamba, na kumtaka aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Asipoweza, dawa zipo bila malipo, za miezi 6 au 12 kwa kadiri ya aina ya ukoma wake, na watu wa nyumbani mwake nao watatazamwa ngozi.