Je, kontroli boksi ya gari inahitaji kinga ya umeme kuvuja kama ile ya nyumbani?

Mwaka jana mjomba wangu alibadilishiwa kontroli boksi mara mbili ndani ya wiki tatu. Gari lilikuwa linazima ghafla barabarani, taa ya injini inawaka, halafu ukipiga stata hola. Likawekwa boksi la mtumba, siku mbili tatizo likarudi. Likawekwa jingine, hivyo hivyo. Mwishowe fundi mwingine, mzee mmoja mpole asiye na kompyuta, alikuta waya wa sensa umechubuka nyuma ya injini na unagusa bodi. Akaufunga vizuri, gari likawaka. Liliwaka, nakwambia, hata kwa lile boksi la kwanza kabisa lililotolewa kwa kuwa "limekufa".

Mjomba akanigeukia: "Wewe mpwa wangu si unasomea umeme? Nyumbani umeme ukivuja kidogo tu, swichi inakata. Kwenye gari wameshindwa nini kuweka kitu kama hicho?"

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Hebu tulifungue.

Ile swichi ya nyumbani inafanya hesabu moja tu: umeme uliotoka kwa waya wa moto ni sawa na uliorudi kwa nyutro? Ukipungua kwa kiasi cha miliampea 30 hivi, inakata, kwa sababu umeme uliopotea huenda unapita kwenye mwili wa mtu. Kazi yake ni kulinda uhai.

Sasa angalia gari. Hasi ya betri imefungwa kwa bolti kwenye bodi, na bodi yenyewe ndiyo waya wa kurudi. Taa kubwa ya wati 55 inavuta ampea 4 na ushee, na zote zinarudi kupitia bati. Kwa macho ya ile swichi ya nyumbani, gari zima linavuja saa zote! Isitoshe, volti 12 hazina nguvu ya kusukuma umeme wa hatari kwenye ngozi kavu. Kwa hiyo jibu fupi kwa mjomba ni hapana, haihitaji kinga ya aina hiyo. Lakini umeme kwenda ethi mahali pasipotakiwa ni tatizo halisi la boksi, ila linakuja kwa sura nyingine.

Chukua nozeli ya mafuta. Upande mmoja inapata volti 12, upande wa pili waya unaenda kwenye boksi, na boksi ndilo linaloufungulia njia ya kwenda ethi. Waya huo ukigusa bodi, boksi haliumii hata kidogo, umeme umepata njia ya mkato. Inayoumia ni injini, maana nozeli inabaki wazi na mafuta yanamwagika kwenye silinda. Hapo boksi lina uwezo wa kugundua na kuzima relei, basi.

Geuza sasa. Kuna vifaa ambavyo boksi lenyewe ndilo linalovipelekea chanya. Waya wake ukigusa bodi, na njia nzima ikiwa na ukinzani wa omu 0.1, hesabu ni volti 12 gawanya kwa 0.1: ampea 120, kupitia transista iliyotengenezwa kwa ampea chache. Utasema fyuzi ipo. Ipo, lakini fyuzi inakata kwa kupata joto, na transista huwa imeshaungua kabla fyuzi haijashtuka. Fyuzi inalinda waya usishike moto. Anayelinda transista ni saketi ndogo ndani ya chipu inayopima umeme na joto, na kujizima ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Halafu kuna kesi ya mjomba. Boksi linatoa volti 5 kwa ajili ya sensa, na mara nyingi sensa kadhaa zinagawana laini moja. Moja ikigusa bodi, laini nzima inashuka hadi karibu sifuri, sensa zote zinapofuka kwa pamoja, injini inazima. Boksi zuri linabana umeme wa laini hiyo ili lisiungue, kisha linasubiri. Yaani boksi la mjomba lilikuwa limejilinda vizuri kabisa, nasi tukalizika likiwa hai.

Kosa jingine ni kinyume chake: ethi ya boksi yenyewe kukatika au kushika kutu. Chanya bado ipo, kwa hiyo umeme hautulii. Unatafuta njia ya kutokea kupitia waya za mawasiliano na za sensa, hadi ufikie ethi ya boksi la jirani. Ndipo unaona dashibodi inacheza muziki usioeleweka. Na si lazima ethi ikatike kabisa: omu 0.05 tu kwenye bolti inayopitisha ampea 20 ni volti 1 nzima, na kwa sensa ya volti 5 hiyo ni moja ya tano. Ndiyo maana sensa nyingi zinarudishiwa waya wake hadi kwenye boksi, hazifungwi kwenye bodi.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi ya injini ina tatizo, usinunue boksi bado.

Wabunifu wanaamuaje kinga ipi iwekwe wapi? Kiwango cha ISO 26262 kinauliza mambo matatu: kosa likitokea madhara ni makubwa kiasi gani, mazingira hayo hutokea mara ngapi, na dereva anaweza kulidhibiti gari? Boksi la taa ya ndani linaweza kutosheka na fyuzi. Boksi la usukani wa umeme, thubutu. Kiwango kingine, ISO 16750-2, kinataka pini zipigwe shoti makusudi na ethi ikatwe, ionekane boksi litafanya nini.

Kwenye magari ya umeme mambo yanageuka. Betri ya volti 400 haifungwi kwenye bodi kabisa, chanya wala hasi. Waya mmoja ukigusa bodi hakuna kinachotokea, wa pili ukigusa ndipo balaa. Kwa hiyo kifaa maalumu kinapima ukinzani kati ya betri na bodi, na kanuni ya Umoja wa Mataifa, R100, inataka usipungue omu 100 kwa kila volti kwa umeme wa DC. Kwa volti 400 hizo ni omu 40,000. Na ukilichomeka gari hilo kwenye umeme wa nyumbani kulichaji, ile swichi aliyoiulizia mjomba inarudi kazini, ikihesabu umeme unaotoka na unaorudi.