Uzamili wa fedha waongezewa kompyuta, Moshi bado yasitasita kulipa

Wanaosomea uzamili wa fedha na kuongeza masomo ya sayansi ya kompyuta aghalabu huota benki za Dar es Salaam au Nairobi. Moshi haimo kwenye hesabu zao. Ajabu kidogo, kwa mji unaofundisha watumishi wa ushirika tangu 1963, na ambao kahawa yake ya mlimani hufuata bei ya New York msimu hadi msimu.

Mnunuzi mmoja wa kahawa, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa bado anaajiri, ana dukuduku la siku nyingi. Anasema vijana wenye uzamili wanaokuja kuomba kazi watakueleza kanuni ya Black na Scholes ya 1973 bila kukwama, lakini wape mafaili ya mauzo ya mnada, kila msimu na mpangilio wake, uone watakavyokaa wiki nzima wakinakili kwa mkono. Aliyesoma kompyuta peke yake naye anaandika programu usiku mmoja, ila haoni kwa nini senti moja kwa ratili inamkosesha tajiri wake usingizi.

Hoja yake ina mashiko. Mkataba mmoja wa arabika katika soko la New York ni ratili 37,500, takriban tani 17, wakati mkulima wa Kibosho au Marangu ana magunia ya kuhesabika. Anayetaka kujikinga na bei sharti ajue mapema vyama gani vya ushirika wa mazao (AMCOS) vitaleta mzigo, lini, na wa daraja lipi. Taarifa hizo, anasema, zimo kwenye daftari, kwenye simu ya katibu na kichwani mwa mpimaji. Mwanzoni mwa 2025 bei ilipovuka dola 4 kwa ratili, anadai alibaki kukisia tu.

Anamlipa kiasi gani mtu mwenye fani zote mbili? Sawa na mhasibu wa kawaida, anajibu. Hapo dukuduku lake linapungua uzito.

Kwenye SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilileta leseni na taarifa zisizokwisha. Afisa mmoja anayehusika na ushirika anasema mfumo wa kielektroniki wa kuwasilisha taarifa hizo umemaliza tatizo, kwani vyama "karibu vyote" vimeingia. Alipoulizwa ni vingapi vinavyoutumia kila mwezi, jibu likawa lile lile: karibu vyote. Meneja wa SACCOS moja anasimulia mengine: marejesho yanaandikwa daftarini, yanahamishiwa Excel, kisha yanaingizwa kwenye mfumo, na mara nyingi hesabu tatu hizo hazilingani.

Kazi ya namna hii haihitaji akili mnemba. Hifadhidata, Python kidogo na takwimu vingetosha, pamoja na kuielewa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana orodha ya wakopaji si ya kuhifadhi kwenye simu ya mtu.

Huenda mahitaji yakaongezeka, hasa kwa wanunuzi wanaokopa kwa dola na kuuza kwa mikataba ya mbele. Kwa SACCOS ndogo ni vigumu kuona ada ya masomo hayo ikirudi upesi, na mwenye ujuzi huo atavutwa Dar. Bei ya kahawa nayo ikishuka, hamu ya kuajiri inaweza kupoa kabla wanafunzi wa sasa hawajamaliza tasnifu zao.